Umbo la asteroidi kwa kupima mwanga tu: ni kubahatisha?

Huku kwetu ukitaja asteroidi, yale mawe yanayozunguka jua, mtu anakuelekeza Mbozi, kwenye kimondo cha chuma cha tani 16 hivi, nenda kashike mwenyewe. Ndo maana wengi wakisikia wataalamu wanachora umbo la jiwe ambalo kwenye darubini ni nukta tu, wanasema hapo wanabahatisha.

Hoja yao ina uzito. Mwanaastronomia Henry Norris Russell alishaonyesha toka 1906 kwamba jiwe likiwa upande wa anga ulio kinyume na jua, dunia ikiwa katikati, mwanga wake peke yake hautoshi kukupa umbo, maana madoa meusi kwenye jiwe la mviringo yanaweza kutoa mchoro uleule wa mwanga kupanda na kushuka. Na kometi 67P, chombo cha Ulaya cha Rosetta kilipoifikia 2014 ndo ikajulikana ni vipande viwili vimeshikana, modeli ya mwanga haikuonyesha hilo.

Sasa shida ni kwamba watu wanadhani vipimo ni vya usiku mmoja. Hapana, ni vya miaka. Jiwe refu linang'aa likigeuza ubavu na kufifia likigeuza ncha, kama kiazi mbele ya tochi, halafu dunia nayo inahama so kila msimu unaliona kwa pembe nyingine na vivuli vingine, na Kaasalainen na wenzake wa Finland walitoa 2001 hesabu ya kuunganisha yote hayo upate umbo. Mabonde yanapotea kweli, ila umbo la jumla na jinsi jiwe linavyojizungusha unapata.

Na hili la DART, jaribio la NASA la kusogeza asteroidi kwa kuigonga, mbona halisemwi? Septemba 26, 2022 chombo kiligonga Dimorphos, kajiwe ka mita 160 hivi kanakozunguka Didymos. Kwa darubini za duniani wote wawili ni nukta moja! Watu wa darubini za Chile na Afrika Kusini walichopima ni mwanga kushuka kila kajiwe kanapopita mbele au nyuma ya mwenzake, wakapiga hesabu, muda wa kajiwe kumzunguka mwenzake umetoka masaa 11 na dakika 55 hadi masaa 11 na dakika 23, na rada ikakubaliana nao. Yaani jibu la kama binadamu anaweza kusogeza asteroidi lilitoka kwenye hiyo hiyo nukta, hapo kubahatisha kuko wapi?

Halafu kazi hii inahitaji watu sehemu nyingi, maana jiwe linalojizungusha kwa karibu masaa 24, ukiwa sehemu moja kila usiku unaona ubavu uleule. Mbeya na Iringa kiangazi, Juni hadi Agosti, baridi kali ila anga safi, na darubini ya kioo cha sentimita 20 au 30 yenye kamera inatosha kwa mawe mengi. Usiku wa Aprili 13, 2029 asteroidi Apophis itapita kilomita kama 32,000 tu juu yetu, ukiwa Afrika utaiona kwa macho, na mvuto wa dunia unatarajiwa kubadili mzunguko wake. Vyuo vyetu vianze kufundisha vijana kupima mwanga sasa hivi, mvua za Aprili zikituachia anga tuwe tayari.