Kijana Anayejitenga na Sinia

Hapa Tanga, msichana akianza kukataa chakula, mama na shangazi huuliza upesi kulikoni. Kijana wa kiume akijitenga na sinia la wali wa nazi kwa miezi kadhaa, akala ute wa mayai peke yake chumbani, akanyanyua vyuma vya saruji asubuhi na jioni hata akiwa na homa, husifiwa kuwa ana nidhamu. Naamini sifa hiyo inawaumiza vijana wetu, kwa kuwa inaufunika ugonjwa wa ulaji na kuuita bidii.

Ugonjwa wenyewe haukuanza leo, wala haujawahi kuwa wa wasichana peke yao. Mwaka 1689, tabibu Mwingereza Richard Morton alipoeleza habari za wagonjwa wawili waliodhoofika kwa kutokula, mmoja wao alikuwa mvulana wa miaka 16. Hata hivyo, mwongozo wa magonjwa ya akili wanaoutumia madaktari wa Marekani uliendelea kuhesabu kukoma kwa hedhi miongoni mwa vigezo vya anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, hadi ulipotolewa upya mwaka 2013, kana kwamba mwanamume hawezi kuugua. Toleo hilohilo ndilo lililoingiza hali ya mtu anayesumbuliwa na fikra kwamba misuli yake ni midogo, hata ikiwa imejaa, hali ambayo daktari wa akili Mmarekani Harrison Pope na wenzake walikwisha kuieleza katika miaka ya 1990.

Hali hii ya pili ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu kwetu mwili wa kijana ni mali ya baraza zima: huitwa njiti au bonge mbele ya watu, naye hutakiwa acheke. Akirudi chumbani, simu humwonyesha vifua ambavyo baadhi yake vimejengwa kwa homoni. Anayejidunga testosteroni, homoni ya kiume, kwa siri huweza kusinyaa korodani, kupungukiwa mbegu za uzazi na kuharibu moyo. Anayejitapisha hupoteza madini ya potasiamu, na mapigo ya moyo wake huweza kuvurugika ghafla ilhali kwa macho anaonekana mzima.

Lipo pia jambo la mfungo, nami nalisema kwa heshima nikiwa Mwislamu. Sunna ya Jumatatu na Alhamisi ni ibada, lakini kwa kijana ambaye tayari anaogopa chakula huweza kuwa maficho, na dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula hata ndani ya Ramadhani. Natamani walimu wetu wa madrasa walitamke hilo waziwazi mbele ya wavulana.

Muuguzi anayempokea kijana mwenye kizunguzungu, na mwalimu wa jimu ya Ngamiani au Makorora anayemwona akizidisha, wamuulize faraghani: jana ulikula nini, ulikula na nani, ukikosa mazoezi siku moja hujisikiaje, na je, kuna dawa unayojidunga? Majibu yakitia shaka, mtu mzima anayemwamini amsindikize hospitali, na utani juu ya mwili wake ukome nyumbani siku hiyohiyo.