Gru amechuja, Minions bado wanalipa

Kwenye filamu ya katuni Despicable Me 4 kuna Minion mmoja, wale vijitu vya njano wanaomtumikia Gru, ananasa ndani ya mashine ya kuuzia vitafunio, pale makao makuu ya shirika la kupambana na wahalifu. Filamu inamwacha hapo na kwenda kwenye mambo yake. Kila ikirudi, jamaa bado yumo. Mpwa wangu wa miaka 6 aliirudia sehemu hiyo mpaka mama yake akaficha rimoti. Nilipomuuliza filamu nzima ilihusu nini, alifikiri kidogo akanijibu, "Mjomba, kuna mmoja alinasa kwenye mashine." Gru, mwenye hadithi yake, hakutajwa kabisa.

Tangu filamu hii itoke Julai 2024, mabishano yamekuwa yaleyale. Upande mmoja unasema mfululizo umechosha. Mwingine unajibu kwa hela: zaidi ya dola milioni 960 duniani kote, kwa bajeti ya kama milioni 100. Kitu kilichochosha kinaingizaje pesa namna hiyo? Mimi naona mpwa wangu alishalijibu swali bila kujua.

Tuanze na wanaolalamika, maana wana haki zaidi ya wanavyopewa. Ukiihesabu hadithi ya nne unapata filamu sita ndani ya moja. Gru, mhalifu aliyeokoka na sasa mtu wa familia, anamkamata Maxime Le Mal, adui wake wa tangu shuleni, bwana mwenye wazimu wa mende. Maxime anatoroka gerezani. Familia inahamishiwa mji wa Mayflower kwa majina ya bandia. Agnes, mdogo wa mabinti, hataki kudanganya kuhusu jina lake. Lucy, mkewe Gru, anapewa kazi ya saluni na kuharibu nywele za mteja. Mtoto mchanga wa kiume hampendi baba yake. Minions watano wanapewa dawa ya kuwatia nguvu za ajabu. Binti wa jirani anamgundua Gru na kumlazimisha waende wakaibe nyegere. (Ndiyo, nyegere wetu huyuhuyu, mnyama wa kutafuna asali na kutokujali mtu.) Yote hayo kwa dakika tisini na kitu. Kila wazo linabisha hodi, linakaribishwa, na kabla halijakaa linasindikizwa mlangoni.

Linganisha na ya kwanza, ya 2010. Gru anachukua mabinti watatu kutoka kituo cha yatima kwa hila, wamsaidie kwenye mpango wake wa kuiba mwezi. Usiku wanamtaka awasomee kitabu cha paka wadogo wenye usingizi, chenye vibaraka vya kuvaa vidoleni. Anakisoma kwa kinyongo, akikiita takataka, huku vidole vyake vikubwa vikiwachezesha hao paka. Baadaye anakosa onyesho lao la dansi na inamuuma. Mwishoni anawasomea kitabu alichokitunga mwenyewe. Mtu mzima aliyeipeleka familia kuangalia katuni alijikuta anafuta macho gizani. Safari ya Gru iliishia pale. Baada ya hapo hakuwa na mahali pa kwenda, na filamu zilizofuata zimekuwa zikimtafutia shughuli: mke, kaka pacha, sasa mtoto.

Kuna jambo dogo linaloonyesha hili vizuri. Agnes ameshabadilishiwa sauti mara mbili, maana watoto wanaomwigizia wanakua. Agnes mwenyewe hakui. Kutoka filamu ya kwanza hadi ya nne ilipita miaka 14, aliyekuwa na miaka 6 ukumbini mwaka 2010 sasa ana ndevu, na yeye bado ni mtoto yuleyule.

Haya, upande wa pili. Mtoto aliyezaliwa 2018 hana mfululizo wa kuchoka nao. Kwake kila kitu ni kipya. Halafu kuna Minions, na hapa wapinzani hupita haraka mno. Lugha yao ni kazi ya Pierre Coffin, anayewapa sauti, ambaye baba yake ni Mfaransa na mama yake ni Nh. Dini, mwandishi wa riwaya wa Indonesia. Ndiyo maana katikati ya kelele zile unasikia "terima kasih", asante ya Kiindonesia, ikifuatana na maneno ya Kitaliano na Kihispania. Kichekesho chenyewe kimo kwenye mwili: anayeanguka, anayenasa, anayepigwa na mlango. Utani wa Gru unataka Kiingereza na sikio la kuijua lafudhi ile ya Steve Carell, anayemwigizia Gru sauti. Mpwa wangu hana vyote viwili. Minion hamdai chochote.

Lakini hela si kinga. Chris Meledandri, bosi wa Illumination inayotengeneza filamu hizi, alikuwa studio ya Fox wakati katuni ya kwanza ya Ice Age inatoka 2002. Mfululizo ule nao ulikuwa na kijanyama kisichosema, Scrat na tunda lake la mwaloni, watu wakimpenda kuliko hadithi. Ya tatu, 2009, iliingiza zaidi ya dola milioni 880. Ya tano, 2016, ikaishia milioni 400 na kitu. Scrat alikuwa bado anachekesha. Watu waliacha tu kuona sababu ya kukaa saa nzima na nusu kumsubiri.

Na uchovu una dawa. Katuni nyingine, Puss in Boots: The Last Wish, ilikuja 2022, miaka 11 baada ya iliyotangulia, na michoro mipya na paka anayeogopa kufa. Ilihatarisha kitu.

Despicable Me 4 nayo ilikuwa na nafasi hiyo mkononi: Poppy, yule binti wa jirani anayetaka kuwa mhalifu na kumwona Gru kama mwalimu. Mtu aliyeuacha uhalifu kwa ajili ya watoto sasa anaombwa na mtoto aufundishe. Wakiwa wanamkwapua nyegere, Gru anachangamka kama hajawahi kuchangamka tangu 2010, na kwa dakika kadhaa hakuna anayewakumbuka Minions. Kisha Maxime anarudi, mende wanajaa, na Poppy anasogezwa pembeni.