Shilingi Iliyorudishwa

Jioni ile Mbunge mmoja alipoishika shilingi ya mshahara wa Waziri wa Elimu, yaani alipotoa hoja ya kuupunguza mshahara huo kwa shilingi moja ili Waziri abanwe kujibu, tulikuwa watu saba barazani kwetu Ngamiani, Tanga, kahawa inazunguka, simu ya mmoja wetu imeegemezwa kwenye birika ili sote tuione Dodoma. Hoja yake ilikuwa nzito na aliieleza vizuri: shule za jimboni kwake zina madarasa yaliyofurika na walimu wanaohesabika kwa vidole, ilhali mitaani wamejaa vijana waliosomea kazi hiyohiyo. Akasema hatairudisha shilingi mpaka apate maelezo ya kuridhisha. Waziri akasimama, akaeleza kuwa Serikali inalitambua tatizo na inalifanyia kazi kadiri uwezo wa bajeti unavyoruhusu. Mbunge akashukuru, akairudisha shilingi. Hazikufika dakika kumi.

Mzee mmoja aliyetumikia mashamba ya mkonge ujana wake wote alinigeukia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekula chaki miaka mingi kuliko wenzangu pale, akaniuliza: "Mwalimu, sasa huyu bwana amepata nini?" Sikuwa na la kumjibu, na kukosa jibu huko ndiko kulikonikosesha usingizi.

Nilipokuwa narudi nyumbani nilimkuta binti wa jirani yangu ameketi kizingitini anasahihisha madaftari kwa mwanga wa taa ya nje. Ana stashahada ya ualimu, hajaajiriwa, na anafundisha kwa kujitolea katika shule ya msingi ambayo mimi ni mjumbe wa kamati yake. Posho yake hutokana na michango ya wazazi, na ipo miezi ambayo michango haitoshi hata nauli ya bajaji. Huyu ndiye aliyekuwa akizungumzwa Dodoma jioni ile, na hakuwa na habari kwamba shilingi yake imeshikwa na kurudishwa.

Ibara ya 63 ya Katiba yetu inalitaja Bunge kuwa chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Kushauri nakuona kila mwaka. Kusimamia kunakwamishwa na jambo moja ambalo halitajwi sana kwa sababu linaonekana dogo, nalo ni kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhi taarifa yake kwa Rais mwishoni mwa Machi, miezi tisa baada ya mwaka anaoukagua kufungwa, na taarifa hiyo huwekwa mezani bungeni mwezi Aprili, wakati mkutano wa bajeti unaanza. Msomaji angetarajia kwamba hapo ndipo vitabu viwili vingewekwa pamoja, kile cha fedha zilizotumika na kile cha fedha zinazoombwa, ili anayeomba aeleze kwanza alichofanyia alizopewa. Haiwi hivyo. Bajeti inapitishwa Juni, na taarifa ya ukaguzi inakuja kujadiliwa Novemba.

Chukueni mfano wa mwaka wa fedha wa 2021/22, ambao ulifungwa Juni 2022. Taarifa ya ukaguzi wake iliwekwa mezani Aprili 2023, nchi nzima ikaizungumza, na wapo wabunge waliotaka ijadiliwe papo hapo. Spika wa wakati huo, Tulia Ackson, alieleza kuwa mjadala utafanyika Novemba baada ya kamati ya hesabu za Serikali na ile ya hesabu za serikali za mitaa kumaliza uchambuzi. Hoja ya uchambuzi ninaielewa, maana maofisa masuuli, yaani wanaowajibika kwa fedha za kila fungu, lazima waitwe na wahojiwe, wala si haki kumhukumu mtu kwa aya moja ya kitabu. Lakini hesabu ya muda inabaki palepale: fedha zilizotumika kufikia Juni 2022 zilijadiliwa Novemba 2023, na katikati ya hapo bajeti mbili nzima zilikwisha kupitishwa, ya pili ikiwa tayari mwezi wa tano wa utekelezaji. Mtoto aliyekuwa darasa la sita wakati fedha za vitabu vyake zinatumika, alikuwa amekwisha kufanya mtihani wa darasa la saba Bunge lilipofika kuuliza vitabu viko wapi.

Sidai Bunge zima lijadili ukaguzi wote mwezi Aprili. Ninachodai ni kwamba hakuna fungu la elimu wala la ajira linalopaswa kupigiwa kura kabla ya wabunge kuwekewa mezani kurasa chache zenye mambo matatu: kiasi walichoidhinisha mwaka uliokaguliwa, kiasi ambacho Hazina ilikitoa kweli, na hoja za ukaguzi zilizobaki bila majibu. Kamati za kisekta huonyesha fedha zilizopokelewa mpaka Februari, nakubali, lakini taarifa hizo husomwa kwa haraka na mara chache huwa sababu ya kumnyima mtu chochote. Muda wa Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima linapokaa kupitia fungu moja moja, ukiisha, mafungu yaliyosalia hupita bila kuhojiwa.

Tofauti ya kuidhinishwa na kutolewa ninaijua kutokana na mezani kwetu shuleni. Ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na shilingi 6,000 huja shuleni. Shule ya watoto 800 inapata shilingi 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi, na humo ndani kuna chaki, karatasi za mitihani, kitasa cha mlango wa ofisi, dawa ya vyoo, mpira wa michezo na bati lililong'olewa na upepo wa kusi. Kiwango hicho kilitokana na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, wakati dola 10 zilikuwa takriban shilingi 10,000. Leo dola 10 zimepita shilingi 20,000, na kiwango hakijasogea. Ninawaomba wabunge wetu wa Tanga, kwa heshima yote, waishike shilingi kwa jambo hili, na wakiishika wasiiachie.

Kuna na ugumu wa kujua nani aulizwe. Mwalimu huandaliwa chini ya Wizara ya Elimu, ambayo ni Fungu 46. Husimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya Rais inayoshughulikia serikali za mitaa, ambayo ni Fungu 56. Mshahara wake umo katika fungu la mkoa, kwetu sisi Fungu 86, na kibali cha kumwajiri hutoka Utumishi, ofisi ya Rais inayosimamia watumishi wa umma. Mbunge akiuliza mlango mmoja huelekezwa mlango wa pili, na wote wanaomwelekeza wanakuwa wamesema kweli.

Upande wa ajira, mwaka 2025 watu 135,027 waliitwa kwenye usaili wa nafasi 1,596 za Mamlaka ya Mapato, na sidhani kama inahitajika hotuba kueleza maana yake. Jambo linaloniuma zaidi ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ukaguzi ulionyesha vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, na Aprili 2023 Serikali ikasitisha utoaji. Hapo ukaguzi ulizaa hatua, nami nilifurahi. Lakini vijana wa kikundi kimoja cha kushona viatu hapa mtaani, waliorejesha mkopo wao wa kwanza wote, walisubiri zaidi ya mwaka mzima pamoja na wale wa vikundi hewa. Ukaguzi uliojadiliwa mapema, wakati kosa bado ni la watu wachache wanaojulikana, ungewaadhibu hao peke yao.

Nakiri kwamba fedha za elimu hazipotei zote. Madarasa 15,000 yaliyojengwa kwa mkopo wa UVIKO-19 yanaonekana kwa macho, na mengine yako mkoani kwetu, imara na yenye madirisha mapana. Nakiri pia kwamba mbunge hana uhuru mpana tunaomdhania, kwa kuwa Katiba inampa Rais mamlaka ya kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti. Anayeishika shilingi anajua mpaka wake uko wapi.

Hata hivyo liko swali ambalo halihitaji kukataa bajeti. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliokuwa darasa la nne watamaliza darasa la saba. Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Tarehe hiyo tunaijua. Madarasa hayo yanahitaji viwanja, madawati, vyoo na walimu wa hisabati na sayansi ambao hawapatikani kwa tangazo la wiki mbili.

Kamati yetu ya shule imekaa na kuandika barua kwa mbunge wetu, ukurasa mmoja, maswali matatu. Tumemwomba aulize mkoa wa Tanga utahitaji madarasa mangapi Januari 2028, fedha zake zimo katika fungu gani na mwaka gani, na kati ya walimu watakaohitajika wangapi wameombewa kibali. Aliyeiandika barua kwa mwandiko safi ni yule binti wa jirani, na alipomaliza aliniuliza kama tunaweza kuipeleka kabla ya Aprili.