Promota aliyezima muziki Jumatatu ya Pasaka hakutuibia

Saa mbili usiku, kwenye uwanja mmoja hapa Moshi, fundi mitambo alivua koti akafunika nalo mashine ya sauti, maana turubai lilishachukuliwa na upepo. Promota akapanda jukwaani akasema shoo imekwisha. Tukamjibu kwa kelele: "Hela zetu!" Tangu siku hiyo vijiweni anaitwa tapeli, na mimi nadhani anaonewa.

Wanaolalamika wana hoja. Kuna waliotoka Same na Rombo, wakalipa nauli na kiingilio, wakasikiliza wasanii wawili kati ya sita. Wanauliza pia swali zito: kwani hakujua kwamba ni msimu wa mvua? Pasaka haiwezi kuangukia kabla ya Machi 22 wala baada ya Aprili 25, na masika yetu ni Machi hadi Mei. Ongeza Karume Aprili 7, Muungano Aprili 26 na Mei Mosi. Sikukuu zote hizo ziko ndani ya mvua, kwa hiyo promota hawezi kusema ameshtukizwa.

Lakini hoja hiyo tuifuate mpaka mwisho. Tukisema masika kusiwe na tamasha, tumefuta Pasaka, na Pasaka ndiyo inayotoa siku nne mfululizo, Ijumaa Kuu hadi Jumatatu. Ndugu wa Dar wanakuwa wamepanda kuja nyumbani, na mama wa ndizi choma na kijana wa bodaboda wanapata hela ya wiki nzima kwa usiku mmoja. Sabasaba na Nanenane ziko kiangazi, sawa, ila ni siku moja moja, mara nyingi katikati ya wiki. Promota anafuata watu walipo.

Na usiku ule radi ilikuwa inapiga upande wa Kibosho. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Niliona mmweko, nikahesabu, ngurumo ikanifikia kwenye kumi na mbili. Kilomita nne! Kanuni inayotumika viwanjani ni kwamba sekunde hizo zikiwa chini ya 30 watu waondoke mahali pa wazi, na wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Sisi tulikuwa tumesimama kwenye tope, wengine wameshika viatu mkononi, waya wa jenereta umepita miguuni, mbele yetu jukwaa la vyuma.

Agosti 13, 2011, kwenye maonyesho ya jimbo la Indiana, Marekani, watu waliambiwa dhoruba inakuja lakini shoo inatarajiwa kuendelea. Dakika chache baadaye upepo ukaangusha paa la jukwaa, wakafa watu 7. Siku tano baadaye dhoruba ikaua watu 5 kwenye tamasha la Pukkelpop, Ubelgiji. Hao wana vifaa kuliko sisi.

Kosa la promota wetu naliona kwingine. Wasanii, jukwaa na jenereta huwa vimeshalipiwa kabla geti halijafunguliwa, kwa hiyo kurudisha hela usiku uleule ni vigumu. Ila tiketi haikuandikwa chochote kuhusu mvua, na mpaka leo hajataja tarehe nyingine. Yangu ninayo bado, imekaukia ndani ya pochi. Akitangaza siku kabla ya vuli, naingia nayo. Vuli ikianza bado amenyamaza, nitasimama na wanaodai.