Mzee Juu, Mtoto Chini

Herufi ya Kichina inayosomwa xiao ina vipande viwili: juu ni alama ya mzee iliyofupishwa, chini yake alama ya mtoto. Wanaoipenda husema mtoto amembeba mzee. Wasioipenda husema mzee amemkalia mtoto. Kwa zaidi ya miaka 2,000 Wachina wamelelewa na neno hili, ambalo kwa Kiswahili labda tungesema ni utii, heshima na matunzo kwa wazazi, wawe hai au wameshafariki.

Wanaoitetea wana hoja nzito. China ya kale haikuwa na pensheni wala hospitali ya serikali. Mkulima akiishiwa nguvu, tegemeo lake ni mwanawe, na asiyezaa alijua uzeeni atakuwa mikononi mwa nani: hakuna. Si ajabu mwanafalsafa Mencius alisema kukosa uzao ndiko kosa kubwa kuliko yote katika mambo ya xiao. Confucius, mwalimu aliyemtangulia, naye hakutaka wajibu uishie kwenye sahani. Siku hizi, alisema, watu wakiwalisha wazazi wao wanaiita xiao. Lakini hata mbwa na farasi wanalishwa, bila heshima tofauti iko wapi? (Anayetuma pesa ya matumizi kila mwisho wa mwezi na hapigi simu asidhani maneno hayo hayamhusu.)

Tena haikuwa utii wa kufumba macho, angalau vitabuni. Xiaojing, kitabu kidogo ambacho vizazi na vizazi vya watoto vilikikariri, kina sura nzima inayomtaka mtoto amkanye baba anapoelekea kwenye dhuluma. Xunzi, mwanafalsafa mwingine wa njia ya Confucius, alikwenda mbali zaidi: fuata haki, usimfuate baba.

Sasa tutoke vitabuni. Mwaka 134 KK Mfalme Wu wa ukoo wa kifalme wa Han aliagiza majimbo yapendekeze watu wanaosifika kwa xiao na uadilifu ili wapewe vyeo. Wema ukishakuwa njia ya kupatia kazi, maigizo hayako mbali. Baadaye ikaja sheria. Kanuni za sheria za ukoo wa Tang za mwaka 653 zilimhukumu kifo mtoto anayemshtaki mzazi wake, isipokuwa kwa uhaini na makosa machache. Chini ya Qing, ukoo wa mwisho wa kifalme, mtoto aliyempiga mzazi alikatwa kichwa; mzazi aliyempiga mtoto mkaidi hadi akafa, kwa namna isiyo na haki, alichapwa viboko 100. Kumkanya baba kukabaki kitabuni. Mahakamani mizani ilikuwa imelala upande mmoja.

Hadithi za kufundishia maadili ndizo zinazonitisha zaidi. Katika mkusanyiko wa mifano 24 ya xiao, uliopata umaarufu tangu enzi za ukoo wa Yuan, yumo Guo Ju. Alikuwa fukara, na mama yake alikuwa akimmegea mjukuu chakula chake. Guo Ju akamwambia mkewe: mtoto tutapata mwingine, mama hatumpati mwingine. Akaanza kuchimba kaburi la mwanawe wa miaka mitatu. Jembe likagonga dhahabu, mtoto akapona, wasomaji wakashusha pumzi.

Mwaka 1394, huko Rizhao mkoani Shandong, dhahabu haikutokea. Mtu mmoja aitwaye Jiang Bo'er aliuguliwa na mama. Alijikata nyama ya ubavuni amlishe, hakupata nafuu. Akaweka nadhiri kwamba mama akipona atamtoa mwanawe kafara. Mama akapona. Mtoto, naye wa miaka mitatu, akauawa. Mfalme Hongwu, mwasisi wa ukoo wa Ming, alighadhibika, akaamuru mtu yule achapwe viboko 100 na kupelekwa uhamishoni Hainan. Wizara ya Ibada ikatoa uamuzi: wanaojikata nyama au kulala juu ya barafu kwa ajili ya wazazi, kama wanavyosifiwa hadithini, hawatakatazwa, ila hawatatunukiwa sifa. Hapo ndipo naona kiini cha tatizo. Dola ilishtushwa na mtu aliyeichukua hadithi kwa uzito wake, lakini hadithi yenyewe haikuigusa. Ikaendelea kusimuliwa watoto.

Mzigo wa kila siku, hata hivyo, haukuwa wa mwana bali wa mkewe. Sifa alipata mume. Aliyechemsha maji, akapika na kumwogesha mgonjwa ni mkaza mwana, na kutowahudumia wakwe ilikuwa moja ya sababu saba za kupewa talaka.

Lakini nikisema xiao ilikuwa fimbo ya wakubwa tu, nitakuwa nimedanganya. Afisa aliyefiwa na mzazi alitakiwa kuacha kazi kwa miezi 27. Mwaka 1577 Zhang Juzheng, mtu mwenye nguvu kuliko mawaziri wote, alifiwa na baba akabaki ofisini kwa idhini ya mfalme. Maafisa wadogo wakampinga waziwazi, wakachapwa vibaya. Walikuwa na nini mkononi dhidi ya mkubwa kama yule? Xiao, basi.

Mwaka 1926 mwandishi Lu Xun aliandika kwamba utotoni hadithi ya Guo Ju ilimtia hofu: baba akifilisika, na bibi bado yu hai, atakayezikwa si yeye? Leo hofu imegeuka, wanaoogopa kuachwa ni wazee. Tangu Julai 2013 sheria ya China inawataka watoto wanaoishi mbali wawatembelee wazazi wao au kuwajulia hali mara kwa mara. Haikutaja ni mara ngapi.