Hodi Mara Tatu

Leo nilivaa kanzu. Nalitanguliza hilo ili hasara ieleweke. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia ya vito, udi kidogo nyuma ya sikio, na mamamkwe kiti cha nyuma na sinia lake la vileja mapajani. Arusi iko Gede, saa nne. Nikatia ufunguo kwa madaha ya mtu mwenye gari. Nye-nye-nye-nye. Nikatabasamu kwenye kioo, nikapiga tena. Nye-nye-nye.

"Limelala," akasema mamamkwe.

Mpita njia wa kwanza akasema betri. Muuza mahamri, betri. Dereva wa tuktuk hakusimama hata kidogo, alitoa kichwa tu: "Betri hiyo, shekhe!" Mtoto wa jirani, yuko chekechea, naye kasema betri. Jamani, betri ikifa stata itazunguka hivyo? Betri iliyokufa husema ka! halafu kimya, kama mdeni aliyekuona dirishani. Langu lazunguka kwa nguvu zake zote, ila kushika halitaki.

Vijana wanne wakajitolea kusukuma. Walifika kona ndipo mmoja akachungulia ndani akaona gari ni otomatiki. Hamsini hamsini zao wakazitaka vilevile.

Mwaka 1415 Malindi hii hii ilimpelekea mfalme wa Uchina twiga. Mzima, na shingo yake, bahari yote ile. Mimi mama mmoja na sinia la vileja, kilomita kama 15, nimeshindwa.

Bahati kona yenyewe iko karibu na fundi wangu. Fundi wangu hana gereji, ana mwarobaini. Akaja anafuta mikono, asifungue boneti. Kwanza akalizunguka gari mara moja, pole pole, kama anayenunua ng'ombe.

"Lina muda gani?"

"Wiki."

"Asubuhi au mchana?"

"Asubuhi. Likishawaka, siku nzima halina neno."

"Mm." Akatazama baharini. "Kuna fundi mwingine ameligusa?"

Swali hilo si la kujibiwa haraka. Nikasema hapana. Akafungua boneti, akakuta bomba la hewa limefungwa kwa mpira wa baiskeli, fundo tatu. Hakusema kitu. Alilipapasa lile fundo kwa kidole, kisha akanitazama mpaka nikarekebisha kofia.

Akaleta mita. 12.6. "Betri nzima," akatangaza. Nikageuka kumtafuta muuza mahamri, kumbe keshapotea.

Akatoa plagi, akainusa, akaigeuza juani. "Kavu." Akairudisha kwenye waya wake, akaishika dhidi ya injini kwa kitambaa. "Piga!" Nikapiga. "Tena!" Sijui kitambaa kiliteleza au vipi. Nilisikia ukelele, spana ikaruka, fundi nikamwona amekaa kwenye mizizi ya mwarobaini, kidole mdomoni.

"Moto upo," akasema.

"Na mafuta?" Ni mamamkwe huyo. Alikataa katakata kushuka, amekaa huko nyuma na buibui lake kama yuko barazani kwake.

"Tunakuja huko, mama."

"Haya baba, nauliza tu. Si umesema plagi kavu?"

Fundi akajifanya hakusikia. Akaniuzia plagi nne mpya. Akaosha temino za betri kwa maji ya moto, na hapo sina ubishi, chumvi ya hewa yetu hii ilishaota ukungu wa kijani. Koili akaichomoa, akaipuliza, akairudisha ilipokuwa. Shilingi 3,200. Piga. Nye-nye-nye.

Na mimi jasho. Na kanzu. Na simu ya mke wangu kutoka Gede, mara ya sita, mnanitafuta nini jamani, mnadhani nimekaa nakunywa kahawa?

Ndipo kijana wake wa spana, ambaye tangu asubuhi hakusema lolote, akaja dirishani. "Mzee, unapiga kidogo unaacha, mafuta hayajafika. Fungua swichi tu, stata usipige. Sikiliza."

Nikafungua. Chini ya mamamkwe kukalia zzzz, sekunde mbili, kimya.

"Zima. Tena." Zzzz. "Zima. Tena." Zzzz. "Sasa piga."

Likawaka! Kwa robo ya nye!

Kumbe kwenye pampu kuna kivalvu cha kuyazuia mafuta yasirudi kwenye tangi ukizima. Changu kimechoka, usiku kucha bomba linajimwaga, asubuhi injini inaamka haina hata tone. Kila ukifungua swichi pampu inasukuma kidogo.

"Yaani lataka hodi," akasema mamamkwe. "Hodi mara tatu. Lina adabu kuliko mwenye nalo."

Fundi akasema hapo ndipo alipokuwa anaelekea. Na 3,200? Plagi zimeshavaliwa, hazirudi.

Gede tulikuta masinia yanaoshwa. Nimevua kanzu usiku huu nikakuta mgongoni alama ya grisi, vidole vitano, na si vyangu.

Pampu yenyewe unaifikia kwa kung'oa kiti cha nyuma, basi nikaanza kung'oa mwenyewe, nani atanilipia tena. Chini yake nimekuta kandambili moja, na kitabu cha Kiswahili cha gredi ya nne ambacho nililipishwa shuleni kwamba tumekipoteza. Mtoto yuko gredi ya sita! Na kokwa la embe. Limenyonywa likanyonyeka, halina hata uzi. Nimeuliza nyumba nzima, kila mtu anaapa si yeye. Anayenyonya embe namna hiyo namjua mmoja tu, naye ni mkwe wangu, nitamuulizaje?