Tapeli Anapenda Mnavyocheka

Jumapili niliamka nikakuta ujumbe zaidi ya tisini kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Moyo ukapiga, nikajua kuna msiba. Kumbe mtu amerusha sauti ya mama mmoja, sijui wa wapi, analia kwamba mchumba wake wa mtandaoni amemlia akiba yote, na watu wazima na ndevu zao wamekesha wakicheka. "Alitaka mzungu, si huyo amempata!" Mjomba mmoja, ambaye Ijumaa hukaa safu ya mbele msikitini, alipanga emoji za kucheka mpaka zikajaza kioo.

Humo ndani, kimya, alikuwamo shangazi yangu. Yeye alilizwa mwaka jana. Ameniruhusu niandike bila kumtaja, na kwa kuwa kwetu mashangazi ni tisa, bahatisheni mpaka mchoke.

Shangazi ni mjane, anauza mchele na maharage sokoni Arua. "Daktari wa jeshi la Marekani aliyeko Syria" alimkuta Facebook, mtandao uliofungwa hapa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na ambao tangu hapo tunauingia kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Yaani hata mapenzi yalipitia mlango wa uani. Na Kiswahili chake! "Habari ya asubuhi, malkia wa moyo wangu uliotukuka." Sisi wa Uganda Kiswahili chetu kinachekwa kuanzia Busia hadi Mombasa, halafu mtu wa Texas anatushinda ngeli. Hilo tu lingetosha kunishtua, lakini mimi sikuulizwa.

Baada ya miezi mitatu ya malkia, likaja sanduku. Zawadi na dola, limekwama uwanja wa ndege wa Entebbe, linadai kodi ya forodha shilingi 1,200,000. Kutoka Arua hadi Entebbe ni zaidi ya kilomita 450. Nani ataenda kuchungulia? Akapiga simu dada mwenye sauti laini, "wakala wa mizigo", akatoa namba ya mobile money.

Tamaa ilikuwapo? Ilikuwapo, sikatai. Zile dola zilimtoa udenda, mwenyewe amekiri. Lakini sikilizeni kilichotokea kibandani.

Kabla pesa haijatumwa, simu huonyesha jina la mwenye namba. Kijana wa mobile money, mtoto wa mtaani kwetu, aliliona. Halikuwa jina la kampuni wala la URA, mamlaka yetu ya mapato, ni la mtu tu. Akamuuliza: "Mama, huyu unamjua?" Shangazi akajibu: "Ni karo ya mjukuu wangu."

Alimdanganya mtu pekee aliyekuwa na nafasi ya kumwokoa! Si kwa ujinga, maana huyu mama anapiga hesabu za magunia kichwani haraka kuliko mimi na kikokotoo. Ni kwa sababu alijua yule kijana angecheka. Alijua jioni ile soko zima lingekuwa na hadithi ya bibi harusi wa Syria. Tapeli naye alishampandia mbegu hiyo: "Tusiwaambie watu, mpenzi, watatuonea wivu." Kazi ya kumfunga mdomo aliianza yeye, tukaimalizia sisi, tena bila malipo.

Wiki iliyofuata wakadai 900,000 za "cheti cha kuthibitisha fedha si za ugaidi". Akatuma. Halafu mwezi mmoja baadaye akapigiwa na "afisa wa upelelezi": wezi wako tumewakamata, toa 300,000 za kufungua faili urudishiwe. Akatuma tena. Ni walewale, au wamemuuza kwa wenzao, maana bafere, ndivyo tunavyowaita matapeli, huuziana namba za waliokwisha kulipa. Na huyo wa tatu alipata mwanya kwa sababu hiyohiyo: hakuna mtoto wake hata mmoja aliyekuwa anajua habari ya yule wa kwanza.

Najua mtaniambia laini zote zimesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, aende polisi. Alikwenda. Laini ilisajiliwa kwa jina la mtu asiyejua lolote. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta tunayo tangu 2011, hongera zetu.

Haya, na ya kujikinga, msije mkasema nimelalamika tu. Kodi ya URA hulipwa kwa namba ya malipo, ile PRN. Hata ukilipia kwenye simu, haiendi kwa namba ya mtu. Picha ya mchumba ipitishe Google Lens, itakuonyesha imetoka wapi mtandaoni. Simu ya video idai, ingawa siku hizi nayo hughushiwa. Ambaye hujamshika mkono asile hata mia tano yako. Lakini yote hayo Shangazi angeyapata kwa dakika tano kwa mpwa yeyote, kama angethubutu kuuliza.

Nilimwandikia mjomba pembeni. Akajibu kwamba ulikuwa utani, nisikuze mambo. Nikamuuliza je, binti yake akianza kuandikiana na mtu leo usiku, anadhani atakuja kumweleza yeye? Tiki mbili za buluu, basi.

Ile picha ya "daktari" tuliitafuta mimi na Shangazi tukiwa tumekaa jikoni kwake. Ni daktari wa kweli, yuko Marekani, ana mke na watoto wawili wenye meno mazuri, na sidhani kama amewahi kulisikia jina la Arua. Juzi nikaona bado imo kwenye simu ya Shangazi. Nikamwambia aifute.

"Ya nini, mwanangu? Huyu hajanikosea. Naye kaibiwa sura."